Meshram Bai, Chumba cha Wadogo na Ukuta wa Katiba

Mwezi huu Mwalimu Kundatai Meshram, ambaye sote humwita Bai kama aitwavyo mwalimu wa kike huku kwetu, ametimiza miaka hamsini na minane, na serikali, ambayo kwa mengine yote hujikokota, kwa hili haikuchelewa hata siku moja: kesho Jumapili, tarehe 30 Novemba, anastaafu. Ametumikia miaka thelathini na mitatu, yote akifundisha uraia, na kumi na tisa ya mwisho ameimalizia hapa Sonpimpri, katika shule yetu ya halmashauri. Kwa kuwa kesho ni mapumziko, tunamuaga leo kwa shali, nazi, chai na maneno haya. Nimepewa kazi ya kuyaandika mimi, mwalimu wa sayansi, kwa sababu mwalimu wa lugha yuko mitaani anaandikisha wapiga kura. Bwana Kolhe, mwalimu wetu mkuu, aliniambia, "Andika kitu cha kuchangamsha, watu wamechoka." Nikamuuliza kama mimi simo katika hao watu. Akasema, "Wewe andika kwanza, utachoka baadaye."

Basi. Wote tuliokaa chini ya turubai hili tumekuwa na wiki ndefu, na wote tunajua swali lililotukaa kooni, kwa hiyo afadhali nilitaje mapema ili chai ishuke: Meshram Bai akishaondoka, Chumba cha Wadogo, wanamokaa watoto mama zao wakiwa shambani, kitabaki wazi au kitafungwa? Kikifungwa, wasichana wa darasa la sita, la saba na la nane watarudi nyumbani kubeba wadogo zao mpaka pamba yote ichumwe, na kwa uzoefu wetu wapo ambao hawatarudi tena. Mengine yote nitakayoyaeleza, hata ya kuchekesha, yanazunguka hapo hapo.

Bai alianza kazi katika misitu ya Gadchiroli, kwenye shule ambayo darasa, ofisi na ghala la mchele vilikuwa chumba kimoja, na panya walihudhuria zaidi kuliko wanafunzi. Akahamishwa, akahamishwa tena, kama ilivyo desturi ya mwajiri wetu, hadi akafika hapa. Katika miaka hiyo amefanya pia kazi zote ambazo mwalimu hakuzisomea. Serikali ikitaka kuhesabu kitu humtuma mwalimu, na Bai amehesabu watu, nyumba, visima, vyoo na mifugo. Kwenye mifugo alirudi na kovu mguuni, alilopewa na nyati wa maziwa wa bwana mmoja kule karibu na mto. Anasema hamchukii nyati yule. Anasema katika sensa zote alizofanya, ni yeye peke yake aliyeuliza kwa vitendo hesabu hiyo ni ya nini.

Darasani alikuwa na utaratibu wake, na waliopita mikononi mwake wanaukumbuka. Wiki moja kila mwanafunzi alichagua wajibu mmoja wa raia kutoka kwenye Katiba ya India akautekeleza: kulinda mali ya umma, kutunza miti na mito, kuwahurumia wanyama, kukuza udugu. Wiki iliyofuata alichagua msingi mmoja kati ya ile inayoiongoza serikali, akaenda kuangalia kama serikali nayo inautekeleza. Wiki ya kwanza watoto walirudi wamechangamka. Wiki ya pili walirudi kimya.

Kuna mwaka msichana mmoja alichagua wajibu wa kuwa na fikra za kisayansi, akaenda nyumbani akang'oa ndimu na pilipili zilizoning'inizwa mlangoni kufukuza kijicho. Kesho yake bibi yake alituvamia ofisini kabla ya kengele.

"Yuko wapi huyo Katiba?" aliuliza. "Nionyesheni anapokaa. Huyu mtoto siku hizi ni Katiba kasema, Katiba kasema. Mimi ndiye niliyemlea! Huyo Katiba hajawahi hata kumnawisha uso!"

Mimi nilijificha nyuma ya kabati la vifaa, maana fikra za kisayansi ni somo langu. Bai alimkalisha bibi, akampa chai, akamwambia, "Mama, Katiba hiyo hiyo inasema tuheshimu urithi wetu wa zamani. Ndimu yako imo humo." Bibi akaondoka kifua mbele. Msichana alipokuja kulalamika kwamba ameonewa, Bai akamwambia, "Yote mawili yamo. Sasa kaa ufikiri." Huyo msichana leo ni wakili mjini Nagpur, na nasikia mlangoni kwake pana ndimu.

Lakini moyo wa Bai haukuwa kwenye wajibu wa raia. Ulikuwa kwenye ile misingi ya serikali, na hasa kwenye neno moja lililomo humo. Pale panapohusu watoto wadogo, Katiba haisemi kwamba dola itawatunza. Inasema dola itajitahidi kuwapatia malezi na elimu ya awali watoto wote mpaka watimize miaka sita. Tena Katiba yenyewe inaeleza kwamba misingi hiyo ni ya lazima katika kuiongoza nchi, ila hakuna mahakama inayoweza kuilazimisha. Kila mwaka mwanafunzi mmoja, kwa kawaida wa benchi la nyuma, huuliza, "Bai, kama hakuna wa kuilazimisha, imeandikwa ya nini?" Na kila mwaka Bai huvuta pumzi kwanza, halafu hujibu, "Ili siku ukisimama mlangoni kwao usiombe. Ukumbushe."

Yeye mwenyewe alisimama mlangoni kwao kwa muda mrefu. Kituo cha serikali cha watoto kipo, ng'ambo ya mji; hakipokei asiyefikisha miaka mitatu, na saa sita mchana kinafungwa. Pamba haijui saa sita. Mama anatoka alfajiri na anarudi jua likizama, na katikati hapo mdogo anakaa kiunoni kwa dada yake. Ofisi ya tarafa iko mkabala na sisi, barabara tu ndiyo inatutenga. Bai alikuwa akivuka barabara hiyo kila mwanzo wa msimu kumwomba Bwana Thombre, afisa wa tarafa, mtu mmoja tu wa kukaa na watoto hapa shuleni. Bwana Thombre si mtu mbaya. Alimpa kiti, alimpa maji, alimwambia, "Tunajitahidi, Bai." Naye alivuka barabara kurudi.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana bila ukuta chumba kisingekuwepo.

Miaka kumi na moja iliyopita tuliambiwa wakaguzi wanakuja, na kila shule iwe imeandikwa Katiba ukutani, mahali panapoonekana. Bwana Kolhe alimwita Baliram, fundi wetu wa mabango, ambaye amepaka nusu ya malori ya wilaya hii. Ukuta wa mbele una sehemu mbili, moja pana na moja nyembamba, na mlango katikati. Baliram alipaka kwanza maandishi madogo: misingi ya serikali kwenye sehemu nyembamba, wajibu wa raia kwenye sehemu pana. Vichwa vya maandishi akaviacha mwisho, kama mafundi wanavyofanya, ili avipambe. Alipofika kwenye vichwa akakuta kile cha serikali ni kirefu mno, hakiingii sehemu nyembamba. Akafanya ambalo fundi yeyote wa mabango angefanya: kichwa kirefu akakipeleka kwenye ukuta mpana, kifupi kwenye ukuta mwembamba. Vikakaa vizuri sana. Akaweka na maua pembeni.

Hivyo ndivyo kazi za serikali yetu zilivyokaa miaka kumi na moja chini ya maneno "Wajibu wa Raia", na wajibu wa raia ukakaa chini ya "Misingi ya Kuiongoza Serikali". Bai alikuja mbio rangi ikiwa bado mbichi.

"Baliram, umegeuza nchi nzima!"

"Bai, mimi napaka herufi, maana ni yenu," alijibu kutoka juu ya ngazi. "Kichwa kirefu vile ningekiweka wapi? Nikikunje?"

Rangi ilikuwa imekwisha, wakaguzi walikuwa njiani, na Bwana Kolhe alisema hakuna mtu anayesoma kuta. Kuhusu wakaguzi alikuwa sahihi. Mmoja wao alisimama mbele ya ukuta, akausoma wote kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Safi sana." Postamasta mstaafu, ambaye hupitia hapa kila asubuhi, alisema ameishi miaka sabini lakini ndiyo mara ya kwanza kuona serikali inaambiwa iwahurumie wanyama na iache fujo.

Lakini kuna mtu aliyeusoma kama unavyopaswa kusomwa. Anusaya Raut, ambaye wengi mnamjua, mama wa watoto wanne, alisoma mpaka darasa la nne. Siku moja akimsubiri binti yake alisoma sehemu nyembamba, chini ya "Wajibu wa Raia", kwamba watoto wote wapewe malezi mpaka wafikishe miaka sita. Akashtuka. Alikwenda kwa majirani zake jioni hiyo hiyo.

"Mnajua sisi tunavunja sheria?" aliwaambia. "Imeandikwa pale shuleni, kwa rangi ya serikali. Watoto wote, siyo wako tu. Na sisi tunawaacha na watoto wenzao!"

Wanawake wakapangiana zamu. Kila siku mmoja wao angeacha kuchuma na kukosa ujira wa siku hiyo, akae na watoto. Asubuhi iliyofuata Bai alifika akakuta ghala letu la madawati mabovu limefagiliwa, mikeka imetandikwa, na Anusaya ameketi katikati ya watoto kama kuku. Bai alisimama mlangoni. Alichokuwa akikiomba miaka yote kilikuwa mbele yake kinakojoa kwenye mkeka. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda darasani kufundisha, na wasichana wote wa darasa la saba walikuwepo.

Tangu siku hiyo shule yetu ikawa na Katiba mbili. Bai aliwafundisha watoto ile ya kweli, kwa hiyo binti zetu walijua fika kwamba ukuta umegeuzwa. Kwenye majaribio waliuliza, "Bai, unataka jibu la ukutani au jibu la mtihani?" Ila hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia mama yake. Walikuwa wasichana wenye akili, na walitaka kusoma.

Miaka ikaenda. Chumba kikawa ni jambo la kawaida. Bai alikaa humo kila kipindi chake kitupu na kila mchana baada ya masomo, mpaka mama wa mwisho arudi shambani. Kwa kuwa nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa shule, hata Jumapili watoto walimjia jikoni kudai mkate wa mtama. Alizeeka huku sisi tukimwangalia, na sisi tulizeeka huku tukimwangalia tu.

Oktoba mwaka huu ndipo lilipotokea lililombadilisha. Ilikuwa zamu ya Anusaya, naye alikuwa na homa, na mgongo wake siku hizi hautembei bila fimbo. Alikuja. Alifika amechelewa, ameshikilia ukuta ule ule, akamwambia Bai, "Nisamehe, Bai, leo nimevunja wajibu wangu. Usinishitaki." Alikuwa hatanii. Bai alimlaza kwenye mkeka pamoja na watoto, akamfunika shali, akaja chumba cha walimu. Hakukaa.

"Ananiomba msamaha," alisema. "Mimi. Kwa kazi ambayo si yake. Baliram aitwe, vichwa virudi mahali pake."

Bwana Kolhe aliweka kikombe chini. "Bai, huo ukuta uache. Umekaa miaka kumi na moja haujaua mtu."

"Umebaki kidogo tu umuue yule aliyelala pale."

"Mama hao wakijua si wajibu wao, nani atakuja? Umebakiza wiki chache, dada yangu. Staafu kwa amani. Shida tutabaki nayo sisi."

"Ndiyo maana. Nikiondoka mimi nani atawaambia? Wewe?"

Mimi nikajaribu kusaidia, nikasema labda turekebishe nusu. "Nusu ipi?" Bai aliniuliza, kwa upole kabisa. Nikarudi kwenye biskuti yangu.

Jumatano wiki hii, tarehe 26, ilikuwa Siku ya Katiba. Baliram, ambaye sasa ana mvi na anapanda ngazi kwa awamu, alikuwa amemaliza jana yake. Kichwa kirefu alikipaka kwa herufi nyembamba, mistari mitatu, na kinasomeka. Akina mama waliitwa saa moja asubuhi kabla ya kwenda pamba. Baada ya wimbo wa taifa Bai alisimama mbele yao. Nimemsikia akihutubia mara nyingi, na hii ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote.

"Mama zangu, dada zangu. Ukuta huu ulikosewa. Kulea watoto wa mji mzima hamkupewa nyinyi kazi hiyo. Imeandikiwa serikali. Mimi nilijua tangu rangi ikiwa mbichi, nikanyamaza kwa sababu chumba kilikuwa kinakwenda. Nisameheni."

Anusaya alisogea mbele na fimbo yake, akausoma ukuta taratibu, kidole hewani.

"Miaka kumi na moja, Bai?"

"Kumi na moja."

"Kwa hiyo huu mgongo wangu," alisema Anusaya, "muda wote huu ulikuwa mgongo wa serikali?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona yuko peke yake akaacha. Wanawake walijifunga vilemba, wakawachukua watoto, wakaondoka. Hakuna aliyegusa chai. Tulikuwa tumepika na pohe, ule mchele bapa wa kukaanga, sinia zima. Tulilila sisi walimu, kwa adabu, bila kutazamana.

Alhamisi asubuhi Chumba cha Wadogo kilikuwa kitupu. Mikeka imekunjwa. Tulimtazama Bai kwa macho ya watu waliokwishasema, naye alitutazama kwa macho ya mtu aliyekwishasikia. Halafu kengele ikalia, na wasichana wakaingia. Wote. Hakuna aliyebeba mtoto.

Bai akamshika bega wa kwanza. "Mdogo wako yuko wapi?"

"Yuko salama, Bai."

"Salama wapi?"

"Serikalini, Bai."

Kabla hatujaelewa, simu ya Bwana Kolhe ililia, na sauti ya Bwana Thombre ilitufikia mara mbili: kwenye simu, na hewani kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kolhe! Kuna watoto kwenye baraza yangu!"

"Wangapi, bwana mkubwa?"

"Unaniuliza wangapi? Wanatulia wahesabike? Mama mmoja mwenye fimbo kaniwekea mmoja mezani, juu ya mafaili! Eti 'Ni kazi yenu, tumesoma ukutani.' Kisha wote hao wameondoka kwenda kuchuma pamba! Njooni muwachukue!"

Bwana Kolhe alimtazama Bai. Bai akaomba simu. Tukajiweka sawa kusikiliza, maana mwanamke huyu ana miaka thelathini na mitatu ya maneno ya kumwambia mtu huyo.

"Bwana Thombre," alisema, "yule mwenye kofia nyekundu halali mpaka apigwepigwe mgongoni. Polepole, lakini usiache." Akarudisha simu, akaenda kufundisha.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siku nzima alifundisha akiwa amesimama dirishani. Mara mbili nilimwona ananyanyua kikapu chake, anafika mlangoni, anakirudisha. Kilio kilikuwa kinavuka barabara. Kule ng'ambo, tulikuja kusikia, karani wa kumbukumbu aligundulika kuwa anajua nyimbo za kubembeleza kumi na moja au kumi na mbili, na mlinzi alichanganya maji na udongo kwenye ndoo akawageuza watoto kuwa wafyatua matofali. Jioni akina mama waliwachukua, wakashukuru kwa heshima, wakaahidi kuwaleta kesho.

Ijumaa wakawaleta, pamoja na wa mtaa wa chini waliokuwa wamesikia habari. Saa nane mchana Bwana Thombre alisaini. Mtu wa kukaa na watoto amepatikana, mpaka mwisho wa msimu wa pamba, na kazi inaanza Jumatatu. Aliyefikiriwa kwanza ni Anusaya. Anusaya akasema, "Nimeifanya bure miaka yote nikidhani lazima. Sasa najua si lazima. Niacheni niifurahie hiyo habari." Ikapewa Rekha Uikey, aliyesoma hapa hapa na aliyepita mwenyewe katika chumba kile akiwa na mdogo wake kiunoni.

Hapo ndipo ningependa kumalizia, watu wapige makofi, tule pipi za maziwa. Lakini Bwana Thombre alisaini nusu siku. Rekha ataondoka saa sita mchana, saa ile ile wanayofunga wale wa kituo cha ng'ambo ya mji. Bwana Kolhe alivuka barabara kumuuliza, na mchana je? Bwana Thombre akastaajabu kwamba anaulizwa.

"Mchana si Meshram Bai atakuwepo? Anastaafu, kwani anahama? Atakaa nyumbani afanye nini? Watu wa aina yake hawawezi. Jumatatu saa sita utamwona huyo anakuja na kikapu chake. Ya nini nimwombee mtu wa pili?"

Bwana Kolhe alitusimulia hayo jana jioni, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo. Ratiba ya Desemba iko kwenye droo yangu, na pale penye mchana wa Chumba cha Wadogo pana jina lake, kwa mwandiko wangu.

Anusaya naye alisikia. Usiku haujaingia alikuwa jikoni kwa Bai, na kwa kuwa mke wangu alikuwepo, habari ninayo kamili.

"Jumatatu saa sita Rekha akifunga mlango, mimi mwenyewe nitawavusha barabara," alisema. "Thombre atakuwa dirishani anakungoja, Bai. Ukija, ndiyo basi. Nusu siku itakuwa nusu siku mpaka tuzikwe."

"Watalia, Anusaya."

"Walie. Walie kule kule."

"Sauti inafika hapa jikoni."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia," alisema Anusaya. Akamsamehe hapo hapo ile miaka kumi na moja, au tuseme alimwomba mkate wa mtama na pilipili ya kusaga, na kwao wawili nadhani ni kitu kimoja.

Kwa hiyo, Bai, sasa naacha kukusema pembeni nakusema usoni. Kwenye hafla kama hii mstaafu huambiwa kwamba milango iko wazi, apite wakati wowote, shule ni nyumbani kwake. Kamati ya walimu imekaa, ikanywa chai mara mbili, ikanituma niseme kinyume chake. Tunakuomba usije. Jumatatu usije, na Jumanne usije, mpaka mtu wa mchana apatikane. Usipite hata barabarani na kikapu. Jina lako nimelifuta kwenye ratiba asubuhi ya leo, na pale lilipokuwa nimeacha wazi, ili mtu mwingine akipita aone pengo na aone aibu. Tunajua tunachokuomba ni kigumu kuliko kazi yote uliyoifanya hapa. Kufanya ulizoea.

Asante kwa watoto uliowafundisha kukaa wafikiri. Asante kwa kuurudisha ukuta mahali pake wakati sisi sote tulikuwa tunakuomba uuache. Nenda nyumbani, dada yetu. Tunakutakia mchana mrefu wenye kivuli, chai isiyokatizwa na kengele, na moyo mgumu kidogo. Ukisikia mtoto analia ng'ambo ya barabara, kaa hapo hapo ulipo. Yupo mwenye kazi hiyo.